Shubiri Moja Kulifikia Sikio

Mkono wa mtu unapaswa kuwa na urefu gani ndipo mwenyewe ahesabiwe kuwa anaiweza kazi? Nerida Coombes alijiuliza swali hilo akiwa amelala kifudifudi juu ya bomba la chuma, miguu ikining'inia upande mmoja na kichwa upande wa pili, kofia yake ikiwa imeshaanguka na kukanyagwa na ng'ombe watatu. Alichokijua kwa hakika ni kwamba mkono wake yeye ulikuwa umepungukiwa na shubiri moja.

Chini yake, ndani ya kichochoro cha mabomba ambamo ng'ombe hupita mmoja mmoja, alisimama dume mwekundu wa aina ya Brahman, nundu imelala upande kama mzigo uliofungwa vibaya. Hereni yake nyeupe ilining'inia kwenye sikio la kulia. Nerida alijinyoosha hata akahisi kiwiko kinawaka moto. Skana aliyoishika, kitu cha ukubwa wa tochi ambacho hakisomi hereni mpaka kisogezwe karibu nayo kwa upana wa kiganja, ilikaa kimya. Dume akapiga chafya, akasogea mbele, akaenda zake bila namba.

"Kumi na nne," Val Pascoe alitangaza kutoka dirisha la ofisi, alikoketi mbele ya kompyuta iliyopokea namba za ng'ombe waliosomwa. "Kumi na nne wamepita hivi hivi, Neri. Mwanzo nilikuwa nahesabu kwa vidole, sasa nahesabu kwa huruma."

"Huruma yako iweke kwenye chai," Nerida alimjibu akiwa bado kichwa chini. "Sukari mbili."

Ilikuwa Jumanne, siku yake ya kwanza kurudi kazini baada ya miezi minane.

Kosa lenyewe lilikuwa limeanza zamani kabla yake. Mazizi ya mnada wa Mulgandra yalijengwa na watu wa umri wa babu yake, enzi ambazo ng'ombe alitambuliwa kwa chapa ya moto pajani na hakuna aliyekuwa na haja ya sikio lake. Waliujenga ujia wa mbao, ule wanaosimamia wafanyakazi, upande wa kushoto wa kichochoro, kwa sababu upande huo ulipata kivuli asubuhi. Upande wa kulia wakamwaga zege la kupandishia ng'ombe kwenye malori. Miaka ikapita, sheria ikaja, ikaagiza kwamba kila ng'ombe anayeuzwa avae hereni ya kielektroniki, na kwamba hereni hiyo ikae sikio la kulia. Nchi nzima ilitii. Mulgandra nayo ilitii, ila hakuna aliyeuhamisha ujia.

Tangu hapo, kila aliyepewa skana alilazimika kulala juu ya bomba la juu kabisa, kujishikilia kwa mkono mmoja, na kuupitisha wa pili juu ya shingo ya mnyama kulitafuta sikio la ng'ambo. Watu walilizoea jambo hilo mpaka likageuka kuwa fahari. Mtu mwenye mikono mirefu alisemwa kuwa amezaliwa kwa ajili ya Mulgandra. Na mtu aliyeteguka bega alioneshwa makovu ya wenzake, akacheka pamoja nao, akarudi juu ya bomba. Nerida mwenyewe alikuwa amecheka hivyo kwa miaka kumi na sita. Hakuwa na mikono mirefu, bali alikuwa na wepesi, na alijua ng'ombe yupi atarusha kichwa kabla ya ng'ombe mwenyewe kujua.

Mwezi wa Machi jike mmoja alimdanganya. Pembe iliubana mkono wake kwenye bomba, na mfupa ukavunjika mahali pawili. Daktari aliuunga vizuri, lakini kiwiko kiligoma kunyooka. Sasa mkono huo haukufika kwenye sikio, wala haukuwa na nguvu za kuushikilia mwili wake ili mwingine ufike.

Saa ya chai meneja, Garth Wintle, alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuvua kofia kila alipokuwa na habari mbaya. Alikuja akiwa ameishika mkononi.

"Neri, mimi sina ubaya na wewe."

"Ukianza hivyo najua kuna ubaya unapaki nje."

"Keshokutwa tunapokea ng'ombe mia nne na zaidi. Asiyesomwa haingii kwenye daftari la taifa, na asiyeingia huko hauzwi. Wewe unalijua hilo kuliko mimi." Aliizungusha kofia vidoleni. "Nakupa Alhamisi. Wakikupita zaidi ya watano, skana anachukua Korongo, na wewe unahamia kantini. Ni kazi nzuri. Ina feni."

Korongo ni jina walilompa Dougal Frayne, baba wa watoto watatu, mrefu kiasi kwamba aliingia kila mlango kama anayeomba radhi. Alikuwa ameegemea uzio, akitafuna pai yenye sosi ya nyanya iliyomchuruzika kidevuni.

"Bosi, usimpeleke kantini," alisema. "Krismasi alituletea pai aliyoipika mwenyewe. Nilimpa mbwa wangu. Mpaka leo hanisemeshi."

"Mbwa wako ana akili, ndiyo maana," Nerida alisema. "Haongei na watu wa aina yako."

Wakacheka, na Garth akacheka nao kwa kuona kwamba jambo limekwisha salama. Lakini Nerida aliitazama mikono ya Korongo, mirefu, iliyojaa makovu meupe kuanzia kifundo hadi kiwiko, na hakuiona tena kama zamani. Alijua kwamba kuondolewa juu ya ujia ule kungekuwa kuondolewa mahali pekee alipowahi kuwa hodari bila kumwomba mtu ruhusa. Katika miezi minane ya kukaa nyumbani alikuwa ameota ndoto moja tu yenye kumfurahisha, nayo ilikuwa ya mlio wa skana.

Jioni hiyo alipitia duka la vifaa vya ujenzi kununua misumari. Katika safu ya rangi alimkuta mhudumu mmoja, mwanamke mfupi wa kutosha kupita chini ya kaunta, akihesabu makopo yaliyopangwa karibu na dari. Hakupanda ngazi. Skana yake ya kusoma michirizi ya bei alikuwa ameifunga kwenye ncha ya bomba jepesi la aluminiamu, na alikuwa akilielekeza juu, kopo baada ya kopo, huku mkono wa pili umetulia kiunoni.

"Umepewa hiyo na kampuni?" Nerida alimuuliza.

"Kampuni ilinipa ngazi," yule mwanamke alisema bila kuacha kazi. "Nikaanguka nayo mara mbili. Ya tatu nikaona anguko hili si langu, ni la ngazi. Unatafuta rangi?"

"Hapana, dada. Nimeshapata nilichokitafuta."

Alirudi nyumbani bila misumari. Kufikia Jumatano asubuhi alikuwa ameliondoa bomba la aluminiamu kwenye wavu wa kusafishia bwawa la kuogelea la jirani, kwa ruhusa ya jirani, akalikata kimo cha kifua chake. Akaichomeka skana, aliyoondoka nayo kazini Jumanne, ndani ya tundu la bomba mpaka shingoni, ikakaa imara kama taa kwenye kinara. Kitufe chake akakifungia kebo ya breki ya baiskeli, ili kila akibana mkono wa breki upande wake, kitufe kibonyezeke upande wa pili. Alijiona mwerevu. Alifika mazizini akitembea kwa mwendo wa mtu aliyebeba mkuki.

Garth alimruhusu ajaribu kwa ng'ombe ishirini. Nerida alisimama wima juu ya ujia, jambo ambalo hakuna msomaji wa Mulgandra aliyewahi kulifanya, akalipitisha bomba juu ya shingo ya ng'ombe wa kwanza hadi skana ikakaribia kabisa kuigusa hereni. Akabana breki. Kimya. Akabana tena. Ng'ombe wa pili, kimya. Wa tatu alilamba skana, nayo ikakaa kimya hata baada ya heshima hiyo.

"Leo samaki wanakula?" Korongo aliuliza kutoka chini.

"Dougal."

"Nauliza tu. Maana hiyo fimbo ya kuvulia ni nzuri. Labda chambo ndicho kibaya."

Vijembe vilimfuata mpaka ng'ombe wa ishirini. Val hakutangaza hesabu, kwa kuwa hapakuwa na cha kuhesabu. Alilifunga dirisha taratibu, na kufungwa huko kulimuuma Nerida kuliko vicheko. Garth aliivua kofia.

"Basi, Neri. Kesho Korongo anapanda yeye. Hakuna haja ya kukuaibisha mbele ya wanunuzi."

"Ulinipa Alhamisi."

"Nilikupa Alhamisi ya mkono, si ya maonyesho."

Nerida alilishusha bomba. Alikwenda ofisini kuirudisha skana, na Val, aliyekuwa akifanya kazi naye tangu siku ya kwanza, aliitazama ile skana juu ya meza, kisha akamtazama yeye.

"Inahitaji kuchajiwa," Val alisema.

"Imejaa chaji, Val."

"Nimesema inahitaji kuchajiwa. Na soketi ya hapa naiona kama imekufa." Aliisukuma skana kuelekea ukingo wa meza, pamoja na hereni mbili za akiba. "Nyumbani kwako umeme upo?"

Alasiri ile Nerida aliketi kwenye bodi la nyuma la gari lake la mizigo, jua la Novemba likimchoma shingo, akaanza kuihoji skana kama mtu anayemhoji mtoto aliyevunja sahani. Alikuwa ameichomoa kwenye bomba. Aliiweka hereni pajani, skana ikalia. Aliiweka hereni juu ya bati la gari, skana ikanyamaza. Aliishika hereni hewani, ikalia. Akairudisha skana ndani ya bomba la aluminiamu, akaisogeza kwa hereni ile ile iliyokuwa hewani, ikanyamaza.

Ndipo alipokumbuka jambo alilolijua kwa miaka kumi na sita bila kulifikiri. Wasomaji wote wa Mulgandra walifahamu kwamba ng'ombe akiliegemeza sikio lake kwenye bomba la uzio, hereni yake haisomeki. Humngoja mpaka aliondoe. Walisema ng'ombe huyo ni mkaidi. Hakuna aliyesema kwamba chuma kinaumeza mwito wa skana kabla haujaifikia hereni. Yule mwanamke wa dukani alikuwa akisoma michirizi kwa mwanga, na mwanga haujali umeshikwa kwa bomba la namna gani. Hereni haikusomwa kwa mwanga. Nerida alikuwa ameivika skana yake koti la chuma, kisha akashangaa kwa nini imekuwa bubu.

Alihitaji mti. Alisimama, akaitazama bohari, akautazama mpini wa koleo uliokuwa mfupi mno, akautazama mpini wa fagio uliokuwa mwembamba. Kisha akatazama uani, ambako mama yake alikuwa akianika shuka.

Kamba ya nguo ilikuwa ndefu, imelegea katikati, na ilikuwa imeinuliwa kwa mti wa mkalitusi ulionyooka, uliokatwa porini miaka mingi iliyopita, mkavu na mwepesi, wenye panda kwenye ncha yake. Panda hiyo ilikuwa na upana wa tochi.

"Mama, naomba huo mti."

"Na shuka zangu?"

"Zitagusa nyasi kidogo."

"Nyasi zenyewe alizokojolea mbwa?" Mama yake aliushika mti kwa mikono miwili. "Baba yako aliukata huu mwaka tuliooana. Ndicho kitu pekee alichokikata kikanyooka."

"Nauhitaji kazini. Kesho wananipeleka kantini."

Mama yake aliutazama mkono uliopinda wa binti yake.

"Wewe kantini," alisema. "Watafunga mji." Akauachia mti, na shuka nne zikalala chini kwa pamoja.

Nerida aliukata mti upande wa chini, akaulaza uso wa skana kwenye ile panda, akaifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi ili isitikisike. Kebo ya breki aliipitisha upande wa nyuma wa mti na kuikomesha kwenye kitufe, mbali na uso wa skana, maana sasa alikuwa amejifunza kwamba haivumilii chuma. Aliitundika hereni kwenye tawi la mlimau. Skana ililia akiwa amesimama wima, mkono uliopinda ukiwa umepinda vile vile ulivyotaka. Aliirudia mara arobaini. Mama yake alitoka jikoni kwa mara ya tatu, akamwambia kwamba mlimau umeshasomwa vya kutosha na ajaribu mti mwingine.

Alhamisi asubuhi malori yalipoanza kushusha, Korongo alikuwa tayari juu ya bomba, tumbo limebanwa na chuma, mkono wake mrefu ukipita juu ya shingo za ng'ombe wa zizi la kwanza. Wafugaji walikuwa wamejipanga kando ya uzio na vikombe vyao vya chai. Nerida alipanda ngazi za ujia akiwa na mti wake. Garth, aliyekuwa akiongea na mnunuzi mmoja, alimwona akiwa ameshafika juu.

"Neri, shuka. Tulishaelewana."

"Wewe ulielewana," Nerida alisema. "Mimi nilikuwa nasikiliza."

Hakupata nafasi ya kusema zaidi, kwa maana wakati huo huo ng'ombe wa ishirini na nane, jike mwenye pembe zilizokwenda kando kama mikono ya baiskeli, alirusha kichwa. Korongo aliuvuta mkono, akachelewa kidogo. Saa yake ya mkononi ilipasuka kwenye bomba, na ngozi ya mkono, kutoka kifundo kwenda juu, ilifunguka kwa urefu wa kalamu. Mmoja wa wafugaji alicheka, kicheko kile kile cha Mulgandra, na kusema kwamba sasa Korongo amebatizwa upya. Korongo naye alianza kucheka kwa mazoea. Kisha akautazama mkono wake, akamtazama Nerida, akaacha.

"Ingekuwa mfupa," alisema kwa sauti ya chini.

"Ingekuwa."

"Nina watoto watatu, Neri, na mikono miwili. Hesabu haijawahi kutosha." Alishuka juu ya bomba, akaichomoa skana ya akiba aliyopewa kwenye kamba ya kifundoni, akaitia mfukoni. "Panda. Mimi nashika lango."

Garth alisema kitu, lakini lango lilikuwa limeshafunguliwa, na ng'ombe walioanza kutembea hawasubiri meneja amalize sentensi. Nerida alitanua miguu juu ya ujia, akaupitisha mti juu ya shingo ya wa kwanza. Akabana breki. Skana ililia, na taa yake ya kijani ikawaka ng'ambo ya nundu.

"Moja," Val alisema kutoka dirishani.

Mwanzo alikwenda polepole. Mti ulikuwa na uzito wake, na ng'ombe wengine waliuogopa, wakarudi nyuma kidogo kabla ya kupita. Alijifunza kuuleta kutoka nyuma ya jicho badala ya mbele yake. Alijifunza kuuegemeza kwenye bomba la juu, ukawa kama wenzo wa mizani, na tangu hapo hakuubeba tena, aliuelekeza tu. Val aliacha kutaja kila namba, akawa anataja makumi. Vijembe vya wafugaji vilifika mpaka mia moja hivi. Mmoja aliuliza kama baada ya kusoma masikio atawaanikia na soksi. Kufikia mia mbili waliuliza panda ilikuwa ya mti gani.

Kazi ilipokwisha, Val alitoka ofisini na karatasi mkononi, jambo ambalo si kawaida yake, kwa kuwa magoti yake hayapendi ngazi.

"Zizi la kwanza, kabla ya Neri, wanne walipita bila kusomwa, tumewarudisha," alisema. "Waliobaki ni mia tatu themanini na wawili. Amesoma mia tatu themanini. Wawili nimekwenda kuwatazama mwenyewe. Hawana hereni kabisa, zimedondoka njiani. Hata angewabusu masikioni wasingesomeka."

"Tumechelewa dakika kumi na mbili," Garth alisema, lakini alisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Aliutazama ule mti kwa muda mrefu. Haikuwa rahisi kwake, na Nerida aliliona hilo. Garth mwenyewe alikuwa na bega lisiloruhusu mkono kupanda juu ya kidevu, jeraha alilolipata juu ya bomba lile lile alipokuwa kijana, na ambalo kila mwaka kwenye sherehe ya kufunga mwaka alilisimulia kama kisa cha kuchekesha.

Aliingia ofisini, akatoka na fomu na kalamu. Safari hii kofia ilikuwa kichwani.

"Nitakuwa muungwana," alisema. "Umefanya vizuri. Kazi ni yako, skana ni yako, kantini tumeisahau. Saini hapa tu, kampuni ipate kuruhusu kifaa chako."

Wafugaji waligeuza vichwa. Korongo, mkono umefungwa kitambaa chenye damu, alikuja karibu na uzio. Nerida aliisoma fomu polepole, neno kwa neno, kama alivyosoma kila kitu alichotakiwa kukisaini tangu Machi. Ilisema kwamba yeye, Nerida Coombes, ni mfanyakazi mwenye uwezo uliopungua. Kwamba kwa sababu ya upungufu huo anaruhusiwa kutumia kifaa cha msaada. Na kwamba kifaa hicho hakitatumiwa na mfanyakazi mwingine yeyote.

"Garth," alisema, "nikiwa mgonjwa siku moja, nani atasoma?"

"Korongo."

"Kwa mti?"

"Kwa mkono. Yeye mkono wake mzima." Garth alipunguza sauti. "Neri, mti unachelewesha. Kwa mtu mmoja nitawaeleza wakubwa. Kwa wote sitaweza. Na usinifanye nionekane kwamba miaka yote hii nilikuwa naendesha mahali pa kuvunjia watu. Chukua ushindi wako, twende tukanywe chai."

"Saini, Neri," Korongo alisema. Hakuwa akitania. "Mimi nitajua la kufanya na mkono wangu. Wewe umeshapata chako."

Ni kweli alikuwa ameshakipata. Kilikuwa mbele yake, kwenye karatasi nyeupe, pamoja na mstari wa kuwekea jina. Alihisi mbao za ujia chini ya buti zake, akalisikia joto la ng'ombe likipanda kutoka kichochoroni, na akajua kwamba kwa jina moja tu angesimama hapo mpaka uzee. Akajua pia jina hilo lingesema nini. Lingesema kwamba bomba, zege, sikio la kulia na ujia wa kushoto vyote vilikuwa sawa tangu mwanzo, na kwamba kitu kimoja tu hapa Mulgandra kilikuwa na kasoro, nacho ni mwanamke wa miaka arobaini na minne.

Aliikunja fomu mara mbili, akamrudishia Garth kwa adabu. Kisha akaugeukia uzio, kwa Val, kwa Korongo, na kwa wafugaji waliokuwa wameshika vikombe vilivyokwisha kupoa, akasema kwa sauti ambayo hakuipandisha.

"Sitasaini. Mimi sina upungufu. Ujia huu ndio uko upande usiofaa, na mpaka siku utakapohamishwa, skana itashikwa kwa mti. Nitautengeneza wa pili Jumamosi kwa ajili ya Dougal, na wa tatu kwa atakayekuja baada yetu. Wiki ijayo nitafika saa kumi na mbili kama kawaida. Nikikuta mtu yeyote ameambiwa aingize mkono humu ndani, sisomi, na nitasimama pale getini kumweleza kila anayeshusha ng'ombe kwa nini ng'ombe wake hawajasomwa."